Rangi za Maji katika Nchi Kavu

Mchoraji wa rangi za maji, akiishika kazi yake kwa desturi ya zamani, hatumii rangi nyeupe. Wingu lililosimama juu ya vilima vya mawe vya Shinyanga, mgongo wa ng'ombe uliopigwa na jua, maji yaliyotulia ndani ya jaruba, vyote hivyo ni karatasi tupu ambayo brashi haikuigusa. Mwenzake wa rangi za mafuta akikosea hupaka juu ya kosa, na akitaka mwanga huuweka siku ya mwisho. Huyu wa maji lazima aujue mwanga kabla hajaanza. Karatasi ikiwa bado kavu mbele yake, ameshaamua ni wapi hatapaka kitu mpaka picha iishe. Kazi yote inayofuata ni kuulinda uamuzi huo.

Mfugaji wa Kisukuma ataielewa kazi hii upesi, kwa sababu anayo ngitili. Mvua zinapoanza hutenga kipande cha malisho na kuwazuia ng'ombe wasiingie. Nyasi hukua, vichaka hurudi, naye huvumilia kuyatazama majani mabichi ambayo mifugo yake haijaruhusiwa kuyagusa. Kiangazi kikishika, malisho mengine yakiwa yamebaki vumbi, ndipo hufungua. Mpita njia anaweza kuidhania ngitili kuwa pori lililosahauliwa, kumbe ndiyo sehemu ya ardhi iliyofikiriwa kuliko zote. Weupe unaoachwa katika picha nzuri ya rangi za maji ni ngitili ya mchoraji: huutenga mapema, huuzungushia kazi yake yote, na faida yake huonekana mwishoni.

Naitaja ngitili pia kwa sababu bila hiyo mandhari ninayoisifu hapa isingekuwapo. Katika karne iliyopita Shinyanga ilipoteza miti mno. Misitu ilifyekwa ili kuwaondoa mbung'o, mashamba ya pamba yakapanuka, mifugo ikaongezeka, na watu walipohamishiwa vijijini miaka ya 1970 wengi waliziacha nyuma ngitili zao. Kilichobaki kiliitwa jangwa. Mwaka 1986 serikali ilianzisha mradi wa Hifadhi Ardhi Shinyanga, HASHI, na hadi ulipofungwa mwaka 2004 zaidi ya hekta 300,000 zilikuwa zimerudi kuwa ngitili na mashamba ya miti, nyingi zikiwa mikononi mwa kaya na vijiji vyenyewe. Mwaka 2002 kazi hiyo ilipewa Tuzo ya Ikweta ya Umoja wa Mataifa. Mchoraji mwenye umri wa mtu mzima anayekaa leo kando ya kijiji cha Shinyanga na ubao wake magotini anachora miti mingi ambayo ni midogo kwake kwa umri.

Kuna jambo jingine linaloifunga sanaa hii na nchi hii, nalo kwangu ni la ajabu kila ninapoliwaza. Chukua karatasi. Karatasi bora ya rangi za maji hutengenezwa kwa pamba tupu, kwa sababu nyuzi za pamba ni ndefu, hunywa maji bila kukatika, na hustahimili kuloweshwa na kukauka mara nyingi. Shinyanga, Simiyu, Mwanza na Geita ndiyo nchi ya pamba ya Tanzania. Karatasi hiyo ikiachwa hivi hivi itanyonya rangi na kuizamisha, kwa hiyo huchovywa kwenye jelatini ili maji yakae juu kwa muda. Jelatini hutoka kwenye ngozi na mifupa ya mifugo, na nani atawafundisha Wasukuma habari za ng'ombe? Kisha rangi yenyewe. Ni unga laini wa udongo au madini uliosagwa pamoja na utomvu wa mgunga, ule unaochuruzika gome linapojeruhiwa na kuganda kama vipande vya kahawia angavu. Utomvu huo ndio unaoishikiza rangi kwenye karatasi, na maji yakiugusa tena huyeyuka. Watengenezaji wengine huongeza asali ili rangi isikauke mno ndani ya kisanduku. Misitu ya miyombo ya Kahama na Tabora imekuwa ikitoa asali tangu enzi za misafara. Wengine huongeza tone la nyongo ya ng'ombe ili rangi itambae vizuri juu ya karatasi bila kujikunyata.

Pamba, ng'ombe, mgunga, asali, udongo, maji. Ukiondoa brashi nzuri, ambazo hutengenezwa kwa nywele za mnyama wa jamii ya kicheche anayeishi Siberia, karibu kila kinachohitajika kipo kati ya Kahama na ziwa. Hata hivyo karatasi tunazotumia hutoka Fabriano kule Italia, Arches kule Ufaransa, au viwanda vya Uingereza na India. Silalamiki kwamba watu wa huko wameijua kazi hii; wameifanya kwa mamia ya miaka na wanastahili sifa. Nasema tu kwamba kijana wa Geita anayedhani rangi za maji ni sanaa ya kigeni ana sababu nyingi za kufikiri upya.

Kuhusu udongo, mkulima wa Usukuma tayari ana masomo ambayo mchoraji angeyatumia maisha yote. Nchi ya huku imepangika kwa mteremko. Juu kabisa kuna miamba ya matale, ya kijivu, iliyopandana na kupasuka. Chini ya miamba, udongo wa kichanga wa rangi hafifu ambao watu huuita luseni, wa mihogo, karanga na mtama. Ukishuka zaidi unakutana na itogolo, mgumu na wa kijivu, ambao unashika maji na hivyo kufaa kwa majaruba ya mpunga. Chini kabisa ni mbuga, udongo mweusi unaopasuka kiangazi na kunata masika hadi mkokoteni unakwama. Kwingine, hasa upande wa Geita, juu hutawala kikungu, udongo mwekundu. Mtaalamu wa udongo Geoffrey Milne, aliyefanya kazi kituo cha utafiti cha Amani katika miaka ya 1930, alitumia mifano ya mteremko kama huu wa Afrika Mashariki kuwaeleza wanasayansi wenzake kwamba udongo wa kilima kimoja hufuatana kwa mpangilio kama mnyororo. Wakulima walikuwa wakilima kwa kuufuata mpangilio huo zamani.

Mchoraji huufuata pia. Kisanduku chake hakina haja ya rangi nyingi. Njano ya udongo, nyekundu ya udongo, kahawia iliyokolea, bluu moja ya kina, na bluu nyingine nyepesi kwa anga. Nyekundu nyingi za udongo hupatikana kwa kuichoma njano kwenye moto, na mfinyanzi yeyote aliyewahi kuona chungu cha udongo wa manjano kikitoka tanurini kikiwa chekundu anajua kinachotokea, kwani ni chuma kilekile kilichomo ndani kinachobadilika. Bluu ya kina ikichanganywa na ile nyekundu iliyochomwa hutoa kijivu ambacho ni hai. Chembe za rangi hizo mbili ni nzito, na maji yanapokauka huzama kwenye vishimo vidogo vya karatasi, kila moja mahali pake, hivi kwamba ukisogeza jicho unaona madoadoa ya bluu na ya kutu yakikaa pamoja. Huwezi kupata matale ya Shinyanga kwa njia iliyo bora kuliko hiyo. Hayo madoa hayapakwi. Mchoraji huweka maji na rangi, kisha huuacha uzito ufanye kazi.

Nimemtazama akifanya hivyo mwalimu mmoja mstaafu wa upande wa Kahama ambaye alifundisha watoto kuchora kwa miaka mingi na sasa anachora kwa ajili ya nafsi yake. Ilikuwa masika, wakati wa kuvuruga majaruba kwa ajili ya kupandikiza mpunga, na tulifika shambani kukiwa bado na ubaridi. Tuliwaamkia wenye shamba kwa "mwangaluka", nao wakatuitikia bila kusimamisha ng'ombe.

Karatasi yake alikuwa ameiandaa tangu jana yake. Alikuwa ameilowesha kwenye beseni mpaka ikalegea, akailaza juu ya ubao, akabandika kingo zake nne kwa utepe wenye gundi na kuiacha ikauke usiku kucha. Karatasi inapokauka hivyo hujivuta, na ikilowa tena wakati wa kazi haiinuki na kufanya mabonde. Watu wengi huipuuza hatua hii kwa kuwa haina raha yoyote, kisha hushangaa rangi inapojikusanya kwenye mabonde hayo.

Alichora kwa penseli mistari michache sana. Upeo, mwamba, ukingo wa jaruba la mbele, na alama ndogo mahali watakapokuwa ng'ombe. Kisha akaweka kipande cha tofali chini ya ubao upande wa juu ili uinamie kwake. Akachanganya rangi ya anga kwenye kisahani, nyingi kuliko nilivyodhani ingehitajika, maana ikiisha katikati hakuna muda wa kuchanganya nyingine. Brashi ikiwa imejaa, akavuta mkupuo wa kwanza kutoka kushoto kwenda kulia. Chini ya mkupuo huo rangi ilijikusanya ikafanya mstari mzito wa maji unaong'aa. Mkupuo wa pili ulipita ukiugusa mstari huo tu na kuuteremsha chini. Wa tatu vivyo hivyo. Hakurudi juu hata mara moja, ingawa niliona mahali ambapo mimi ningerudi. Alipofika kwenye mwamba akakausha brashi kwa kitambaa, akaugusa mstari wa mwisho kwa ncha yake, nayo ikaunyonya. Anga ilikuwa imekwisha. Katikati kulikuwa na pengo lenye umbo la wingu, ambalo hakuligusa kabisa.

Hapo ndipo kazi ngumu ilipoanza, yaani kungoja. Ukiweka tone la maji kwenye rangi ambayo imekauka nusu, tone hilo huisukuma rangi na kufanya doa lenye kingo za meno meno ambalo halifutiki. Mwalimu hakukisia. Aliinamisha kichwa na kuutazama ubao kwa ubavu ili aone kama bado kuna mng'ao. Mng'ao ulipotoweka, aliweka mgongo wa mkono wake juu ya karatasi kwa wepesi. "Bado ina baridi," alisema. Karatasi iliyo na maji ndani yake huwa ya baridi kwa sababu maji yanayotoka hubeba joto, na ngozi ya mgongo wa mkono huhisi hilo mapema kuliko jicho. Tukangoja. Ng'ombe walizunguka jaruba, kijana akiwaongoza kwa mbele na mzee akiwa ameshika mkono wa plau nyuma, tope likilainika.

Aliwachora ng'ombe mwishoni, na ndipo niliposadiki kwamba alikuwa amewaona tangu mwanzo. Hakuchora ng'ombe mzima. Alichora kivuli kilichopo chini ya tumbo, kivuli cha nyuma ya bega, weusi wa mguu ulio mbali, na alama moja ya nira. Mgongo na nundu vilikuwa karatasi tupu. Anga nyuma yao na tope chini yao ndivyo vilivyowapa umbo. Rangi ya miguu ilipokuwa bado mbichi, aliishusha kwa brashi yenye maji matupu hadi ndani ya jaruba, ikasambaa, na ng'ombe wakawa wamesimama kwenye maji. Ukuta wa minyaa unaozunguka kaya ya nyuma aliupiga kwa brashi karibu kavu, kwa ubavu, ikaruka juu ya vinundu vya karatasi na kuacha mwanga mdogomdogo kati ya vijiti.

Kona ya mbele upande wa kushoto ilibaki haina kitu. Nikamwuliza, "Mwalimu, na hapa utaweka nini?"

"Hapo pamekwisha, mwanangu."

Nikatazama tena. Ilikuwa kona ya jaruba ambayo ilikuwa ikirudisha mwanga wote wa anga, na kweli hakukuwa na kitu cha kuongeza.

Yapo matatizo ambayo vitabu vya Ulaya kuhusu sanaa hii havikuyafikiria. Kiangazi cha Shinyanga, kuanzia Juni hadi Oktoba, hewa ni kavu na upepo haukomi. Mkupuo wa kwanza unakauka kabla wa tatu haujafika. Wachoraji wa Uingereza, walioijenga sanaa hii katika karne ya 18 na 19, walikuwa wakilalamikia kinyume chake, yaani rangi isiyokauka kwa ukungu na mvua. Hapa mtu hulazimika kuanza alfajiri, kuilowesha karatasi pande zote mbili, kufanya kazi kwa karatasi ndogo, au kuongeza asali kidogo kwenye maji. Vumbi nalo hutua kwenye rangi mbichi. Na picha ikishakamilika wanakuja mchwa, ambao karatasi ya pamba kwao ni chakula tu. Namstahi mtu anayefanya kazi hii Shinyanga kuliko ninavyomstahi anayeifanya mahali pa ukungu.

Mtu mmoja aliifanya hapa mapema sana, na habari zake zinastahili kujulikana zaidi Kahama kuliko zinavyojulikana sasa. James Augustus Grant, mwanajeshi Mskoti aliyezaliwa Nairn mwaka 1827, alifika nchi hii mwaka 1861 akiwa pamoja na John Hanning Speke katika safari ya kutafuta chanzo cha Nile. Walitoka Zanzibar mwaka 1860 wakiwa na wapagazi wengi na Sidi Mubarak Bombay akiwa miongoni mwa viongozi wa msafara. Grant alikuwa amebeba kamera, na Zanzibar aliitumia. Lakini upigaji picha wa siku hizo ulidai kuandaa kioo kwa kemikali ndani ya hema dogo lililofungwa, na joto la hema hilo lingemwua. Akaiacha kamera, akashika penseli na rangi za maji.

Alizishika kwa mkono uliojeruhiwa. Katika vita vya Lucknow kule India mwaka 1857, Grant alipoteza kidole gumba na kidole cha shahada cha mkono wa kulia. Naomba msomaji ashike kalamu bila vidole hivyo viwili ajaribu kuchora mstari mmoja mwembamba, kisha ndipo aendelee kusoma.

Speke alipotangulia kaskazini kuelekea Uzinza, ambayo leo ni nchi ya Geita na Sengerema, Grant alibaki na sehemu ya mizigo huko Ukuni, upande wa Kahama ya sasa, katika nchi ya mtemi Ukulima. Alikaa hapo miezi ya kiangazi cha 1861, mara kwa mara akiwa mgonjwa. Kukwama huko kulimpa kitu ambacho wasafiri wengi hawakukipata. Msafiri anayepita huchora milima. Anayekaa huanza kuona kinu na mchi, namna wanawake wanavyosuka nywele, ghala la mtama, ngoma ya jioni, mmea unaoota kando ya njia. Grant alivichora vitu vya namna hiyo na kuviandikia maelezo. Mimea alikusanya kwa mamia, na orodha yake ilichapishwa na chama cha wanasayansi cha Linnean Society cha London katika miaka ya 1870. Msafara wake ulipoondoka mwezi Septemba 1861 ulishambuliwa na kuporwa na watu wa mtemi Myonga, na ilimchukua muda kukusanya mabaki.

Speke alipochapisha kitabu chake mwaka 1863, picha nyingi zilitokana na michoro ya Grant, ila zilipitia kwanza mikononi mwa mchoraji wa London aitwaye Zwecker na mafundi wa kuchonga mbao. Zikatoka nyeusi, zenye mistari mingi, na watu waliosimama kama waigizaji jukwaani. Maji na mwanga vilipotea. Michoro ya asili imehifadhiwa katika Maktaba ya Taifa ya Scotland, Edinburgh. Sidai kwamba Grant aliiona nchi hii kama wenyeji walivyoiona. Alikuwa mgeni, ofisa wa jeshi la dola lililokuwa likijitanua, na alijua lugha kwa kiasi tu. Hata hivyo alikaa chini, akatazama, akapaka kidogo na kuacha kingi, na kwa hilo ametuachia kumbukumbu ya maisha ya kijiji cha Unyamwezi ambayo imetangulia kamera.

Wala wenyeji hawakuwa wakingoja karatasi ili waanze kuchanganya udongo na maji. Bayeye, chama cha wacheza na nyoka cha Usukuma, walichora ndani ya nyumba zao za mafunzo, kwenye kuta za udongo, nyoka, watu na viumbe vya hadithi zao. Hans Cory, aliyekuwa mtumishi wa serikali ya kikoloni na mtafiti wa mila, aliandika kitabu kuhusu michoro hiyo, kikachapishwa London mwaka 1953. Kuta zenyewe zilikuwa za kubomoka mvua zinapozidi, kama nyumba yoyote ya udongo.

Kuchora maisha ya kijijini kuna hatari yake pia. Ni rahisi kuchora ng'ombe, kilima, mama na mtungi wake, na kukifanya kijiji kionekane kana kwamba hakuna kilichotokea huko tangu zamani. Picha za namna hiyo huuzika, nami sizipendi. Sam Ntiro wa Machame, aliyezaliwa mwaka 1923 na kusoma Makerere chini ya Margaret Trowell kisha London, alichora maisha ya vijijini karibu maisha yake yote, kwa rangi za mafuta. Picha yake ya mwaka 1956 ya wanaume wanaompelekea bi harusi pombe ya ndizi usiku ilinunuliwa na jumba la Museum of Modern Art la New York. Uzuri wake hautokani na kupamba. Watu katika picha za Ntiro wana shughuli. Wanabeba, wanavuna, wanakwenda mahali.

Mchoraji wa rangi za maji wa Geita ana kazi ngumu zaidi katika hilo. Mgodi mkubwa wa Geita ulianza uzalishaji mwaka 2000, na mwaka 2012 Geita ikawa mkoa. Kuzunguka Nyarugusu na kwingineko kuna maduara ya wachimbaji wadogo yaliyofunikwa maturubai ya bluu, makarasha yanayosaga mawe mchana kutwa, malundo ya marudio, na kati ya hayo yote bado kuna mama anayepalilia mahindi na mtoto anayechunga mbuzi. Hayo ndiyo maisha ya kijijini ya huko. Picha inayoacha karasha nje imesema uongo, na kuacha kwa namna hiyo hakuhusiani na weupe niliousifia hapo juu. Weupe wa mchoraji hodari hukusudia kuonyesha.

Na sanaa hii ina zana za kutosha kwa Geita. Vumbi la karasha halipakwi kwa rangi. Kilima kinachorwa kwanza, na kabla hakijakauka mchoraji huugusa ukingo wake kwa sifongo chenye unyevu, rangi inainuka, na kilima kinayeyuka kwenye hewa kama kinavyoyeyuka kweli saa saba mchana. Udongo mwekundu hauhitaji kukisiwa, kwa sababu rangi za udongo ndizo zinazodumu kuliko nyingi zingine: chuma kilichokwisha kushika kutu hakina cha kupoteza juani. Turubai la bluu, likiwekwa dogo na mara moja tu, hulifanya eneo zima la wekundu liwake. Nimeona picha ndogo ya namna hiyo, haikuzidi ukubwa wa daftari, yenye ng'ombe watatu wakipita kando ya lundo la marudio kwenda lamboni. Sijaona picha nyingine ya mkoa huo iliyonieleza mengi kiasi hicho.

Kwa hiyo nina maombi mawili. La kwanza ni kwa halmashauri za Geita, Msalala, Ushetu, Kahama na Shinyanga. Tangu marekebisho ya sheria ya madini ya mwaka 2017, kampuni za migodi zinatakiwa kila mwaka kuandaa mpango wa huduma kwa jamii na kukubaliana na halmashauri. Fedha hizo hujenga madarasa na zahanati, na ndivyo inavyopasa. Ndani ya darasa mojawapo pawekwe karatasi za pamba, visanduku vya rangi na brashi, pamoja na mwalimu anayelipwa kuufundisha mkono wa mtoto. Gharama yake ni ndogo mno ukilinganisha na paa la darasa hilo.

La pili ni kwa wale wanaosimamia makumbusho na maktaba zetu, na kwa Makumbusho ya Wasukuma ya Bujora, kule Kisesa, ambayo Padre David Clement aliianzisha na ambayo imetunza ngoma, viti vya watemi na zana za kazi za watu wa kanda hii. Iandikiwe barua Maktaba ya Taifa ya Scotland kuomba nakala nzuri, zenye rangi zake zote, za michoro ambayo Grant aliifanya Ukuni mwaka 1861. Zionyeshwe Bujora, kisha zipelekwe Kahama zionyeshwe huko pia, shuleni, mahali ambapo mwanafunzi anaweza kusogea hadi pua yake ikaribie kioo na kuona penseli imepita wapi na wapi brashi haikupita.